Kongo bila farasi: nani alibeba mzigo, na tembo wa Gangala-na-Bodio walifundishwa vipi

Farasi anayejulikana kuliko wote katika nchi yetu hajawahi kula jani hata moja. Ni wa shaba. Anasimama Kinshasa, juu ya mlima Ngaliema, na mgongoni mwake ameketi Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Sanamu hiyo ilisimamishwa mwaka 1928, mji ukiwa bado unaitwa Léopoldville. Mobutu aliiondoa baada ya kushika utawala. Mwaka 2005 serikali iliirudisha katikati ya mji, karibu na gare, lakini haikumaliza hata siku mbili, ikang'olewa tena. Sanamu ya namna hiyohiyo ipo Bruxelles, na pale chini yake kumeandikwa kwamba shaba na bati vilitoka Kongo, zawadi ya Union Minière du Haut-Katanga. Kwa hiyo farasi wa Bruxelles ni mtoto wa Katanga, kama ukitazama madini tu.

Mwenyewe aliye juu ya farasi hakukanyaga Kongo hata siku moja. Na farasi wa kweli, yule wa nyama na damu, naye karibu hakukanyaga. Ni jambo hilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa sababu msikilizaji mmoja wa kipindi chetu cha asubuhi aliuliza swali zuri: shuleni watoto wanasoma habari za wapanda farasi wa Ulaya, wa Waarabu na wa Sudani, je, babu zetu sisi walipanda nini? Redioni nilikuwa na dakika mbili tu za kumjibu. Hapa nina nafasi.

Tuanze na nzi. Mbung'o, ambaye kwa Kifaransa tunamwita tsé-tsé, anaishi katika eneo la Afrika lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba milioni 10, na Kongo iko katikati yake. Akimuuma mtu anaweza kumwachia malale, ule ugonjwa wa kulala uliomaliza vijiji vizima wakati wa wakoloni. Akimuuma farasi, anamwachia nagana. Farasi anapata homa inayokuja na kuondoka, miguu na tumbo vinavimba, anaendelea kula lakini anakonda siku kwa siku mpaka anaanguka. Nyati na swala wanabeba kijidudu kilekile katika damu yao bila kuugua, kwa hiyo pori linakuwa ghala la ugonjwa lisiloisha. Mganga wa jeshi la Uingereza, David Bruce, ndiye aliyekiona kijidudu hicho kule Zululand katika miaka ya 1890. Kabla yake, wasafiri walijua tu kwamba kuna njia ambazo mnyama wa kupandwa hapiti.

Tena nagana haiko peke yake. Kuna ugonjwa mwingine wa farasi wa Afrika, unaoletwa na vijidudu vidogo vinavyoruka jioni na usiku. Farasi anaweza kuwa mzima leo, na baada ya siku chache mapovu yanamtoka puani na anakufa. Ndiyo maana katika nchi zenye ugonjwa huo mfugaji mwenye akili huwaingiza farasi wake bandani kabla ya jua kuzama na kuwatoa baada ya umande kukauka. Punda milia hasumbuliwi nao. Mungu alimpa kinga, lakini hakumpa moyo wa kukubali tandiko.

Henry Morton Stanley aliyajua hayo kwa hasara. Mwaka 1871 alipotoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili na punda 27. Mmoja wa wale farasi, mweupe wa Kiarabu, alipewa na Sultani Barghash wa Zanzibar. Wote wawili walikufia mahali paitwapo Kingaru, siku chache tu kutoka pwani, mmoja akimfuata mwenzake. Stanley alimpasua yule mweupe akakuta minyoo imejaa tumboni. Nalitaja hilo kwa sababu tuna tabia ya kumsingizia mbung'o kila kitu. Farasi ni mnyama wa kuangaliwa: maji yake, kwato zake, minyoo yake, majani yake. Anayemswaga tu kama mzigo wa kawaida atamzika, hata pasipo nzi.

Kaskazini mwa nchi yetu, katika nyika kavu za Darfur, Wadai na Bornu, farasi alijenga falme. Askari wake walivaa nguo nene za pamba za kuzuia mishale, na hata farasi walivalishwa. Lakini kila walipoteremka kusini kuelekea mvua na misitu, farasi walianza kufa. Mpaka wa mpanda farasi haukuchorwa na mfalme yeyote. Ulichorwa na nzi.

Sasa, nchi isiyo na farasi, isiyo na ng'ombe wa kukokota, mzigo wake unabebwa na nani? Jibu mnalijua. Ulibebwa na kichwa cha mtu.

Hata hii lugha ninayoandika iliingia Kongo kwa miguu. Misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji mpaka Kasongo na Nyangwe ilikuwa safu ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wake wa nguo, shanga, waya au baruti, na kurudi pembe za ndovu. Matajiri wachache walipanda punda. Walio wengi walitembea, na wengi wao hawakutembea kwa hiari.

Wabelgiji walipokuja hawakubadilisha njia, walibadilisha bwana tu. Kabla ya reli ya Matadi na Léopoldville kumalizika mwaka 1898, kila kitu kilichopanda kutoka baharini kilipita juu ya vichwa: masanduku ya risasi, chupa za mvinyo, hata mashua za chuma zilizovunjwa vipandevipande ili ziunganishwe tena kwenye Pool. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30 au kuzidi, siku baada ya siku, katika milima ya Bas-Congo. Na katika vita vya 1914 mpaka 1918, Force Publique ilipokwenda kuwapiga Wajerumani na kuingia Tabora mwezi wa tisa 1916, nyuma ya askari kulikuwa na wapagazi zaidi ya laki mbili walioandikishwa Kongo. Wangapi walirudi makwao, hilo lingehitaji makala nyingine.

Na mzungu mwenyewe je, alipanda nini? Alipanda kipoyi, ambacho wengine wanakiita tipoyi: kiti kilichofungwa kwenye miti miwili, kikabebwa mabegani na wanaume wanne, kundi la pili likikimbia pembeni kupokea zamu. Wazee wetu bado wanalitaja neno hilo kwa sauti ya chini. Mahali ambapo Ulaya iliweka farasi, hapa iliwekwa shingo ya mtu. Sidhani kuna namna nyingine ya kulisema.

Leopold aliona tatizo hilo mapema. Lakini msidhani alilala akiwahurumia wapagazi. Mpagazi ni ghali kwa njia yake: anakula, anatoroka, anakufa, na kijiji kinachojua msafara unakuja kinahamia porini. Mfalme alitaka mnyama mkubwa ambaye mbung'o hamuwezi. Na mnyama huyo alikuwa amejaa Afrika nzima, ila alikuwa akiuawa kwa ajili ya meno yake.

Wataalamu wengi wa Ulaya wakati ule walisema tembo wa Afrika hafundishiki, kwamba wa Asia ni mpole na wa kwetu ni mkali tangu kuzaliwa. Walisahau historia yao wenyewe: Hannibal wa Carthage, aliyevuka milima ya Alpi miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, jeshi lake lilitumia tembo wa Afrika. Hata hivyo mfalme alianza na wa Asia. Mwaka 1879 tembo wanne walinunuliwa India, wakapakiwa katika meli na wenyeji wa huko waliojua kuwaongoza, wakashushwa kwenye ghuba ya Msasani, karibu na Dar es Salaam. Hakukuwa na bandari ya kuwashusha wanyama wa ukubwa ule, basi waliteremshwa majini, wakaogelea mpaka ufukweni. Mkuu wa safari alikuwa Mwailandi mmoja, Frederick Carter. Walikuwa wanakwenda Karema, kituo ambacho jumuiya ya mfalme ilikuwa inaanzisha kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa Tanganyika, mkabala na Kongo ya leo.

Jaribio lile lilitoa jibu moja zuri na moja baya. Zuri: tembo walipita katika nchi ya mbung'o bila kuanguka kama ng'ombe wanavyoanguka. Baya: hawakufa kwa nzi, walikufa kwa wanadamu. Walibebeshwa mizigo mizito kupita kiasi, katika milima na matope, na chakula chao hakikutosha. Huko India walizoea kupewa posho ya nafaka kila siku. Njiani waliachwa watafute wenyewe baada ya kazi. Wa kwanza alifia Mpwapwa. Mmoja tu, jike, alifika Karema, naye hakukaa sana. Carter mwenyewe aliuawa mwaka uliofuata kule Mpimbwe, pamoja na mwenzake Cadenhead, katika mashambulizi ya watu wa Mirambo.

Miaka ishirini ilipita. Karibu na mwaka 1900 mfalme aliagiza jaribio lifanywe upya, mara hii katika Kongo yenyewe na kwa tembo wa Kongo. Kazi hiyo alipewa afisa mmoja Mbelgiji, Jules Laplume, katika nchi ya Uele. Mwanzoni walijaribu kuwategea mashimo. Wanyama waliumia, au mama zao waliwatoa, au walikufa kwa hofu. Ndipo ikabadilishwa njia, na kituo kikawekwa Api, katika Bas-Uele ya leo.

Hapa ndipo historia inaanza kuwa yetu, maana njia iliyofaulu ilitegemea miguu ya Wazande. Vitabu husema Laplume alikamata tembo. Laplume hakumfunga tembo kamba mguuni. Waliofunga ni vijana wa Uele, wakikimbia kwa miguu ndani ya majani marefu kuliko wao.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kundi la wawindaji lilifuata tembo polepole, likitazama upepo. Walichagua mnyama wa umri wa katikati. Mtoto anayenyonya hakufaa, kwa sababu bila maziwa ya mama hufa. Na mkubwa mwenye nguvu kamili hakufaa, kwa sababu hakubali tena. Walipokaribia walipiga bunduki hewani. Kundi likitimka, waliokuwa na kamba walimfuata yule waliyemchagua mpaka akachoka au akabaki nyuma, wakamrushia kitanzi kwenye mguu wa nyuma, wakazungusha ncha ya kamba kwenye mti. Wengine walidandia mkonga na masikio. Mara nyingine mama hakukubali kukimbia, alirudi kwa mwanawe, na hapo ilitumika risasi ya kweli. Wawindaji wengi waliumia katika kazi hiyo, na waliokufa wapo. Msione picha za zamani za tembo wapole wakidhani mambo yalianza kwa upole.

Baada ya kamba zilikuja tembo waliokwisha kufundishwa. Waliitwa monitere, jina lilelile tulilowapa walimu wa shule za msingi za zamani. Monitere wawili walimweka mgeni katikati, shingo kwa shingo, wakatembea naye mpaka kituoni. Akivuta walisimama. Akijiangusha walimsubiri. Nimezungumza na watu wanaofundisha farasi wachanga, wanasema wao pia hupenda kumtembeza mnyama mpya pamoja na mzee aliyetulia, maana farasi humwamini farasi mwenzake kabla hajamwamini mtu. Jambo lile lile Wazande wa Api walilijua kwa tembo.

Kisha kulikuja miezi ya subira. Mgeni alifungwa kwenye mti, na mtu mmoja tu alikabidhiwa kwake. Huyo ndiye kornaka. Kornaka alimletea majani, viazi vitamu, mihogo, akimpa kwa mkono. Alimgusagusa na tawi la majani, mgongoni, masikioni, miguuni, mpaka ngozi ikazoea kuguswa. Na alimwimbia. Nyimbo za kornaka zilikuwa sehemu ya kazi kama kamba na mnyororo. Tembo alijifunza sauti ya mtu wake kabla hajajifunza amri hata moja. Wafundishaji kutoka Asia waliwahi kuletwa kuonyesha ufundi wao, na baadhi ya maneno yao yalibaki katika vinywa vya makornaka wa Uele, yakichanganyika na Kizande. Mnaona jinsi ufundi unavyosafiri.

Baada ya hapo alipelekwa mtoni kila siku. Kuoga si anasa kwa tembo. Ngozi yake inaonekana ngumu lakini hupasuka kwa jua, na wadudu huingia kwenye mikunjo. Ndani ya maji ndipo alipojifunza kulala ubavu kwa amri, maana maji humbeba na hofu hupungua. Ndani ya maji ndipo kornaka alipompanda mara ya kwanza.

Kumpanda tembo hakufanani na kumpanda farasi. Farasi ana lijamu mdomoni na hatamu mkononi mwa mpandaji. Tandiko lina vikuku vya kuweka miguu. Tembo hana kitu mdomoni. Kornaka alikaa shingoni, miguu yake nyuma ya masikio, akaongoza kwa vidole vya miguu, kwa sauti na kwa fimbo. Farasi anaishi miaka 25 hivi, wachache hufika 30. Tembo anaweza kufika 60. Kwa hiyo kijana aliyekabidhiwa tembo mchanga alikabidhiwa mwenzi wa maisha. Walizeeka pamoja, kama wote wawili walibahatika.

Ilichukua kama mwaka mmoja mpaka mnyama afae kwa kazi. Walivuta mikokoteni, walivuta magogo, walilima. Wenye mashamba na wamisionari waliweza kukodi tembo pamoja na kornaka wake. Kazi ilikuwa ya asubuhi tu. Jua likipanda waliachwa wakale, kwa kuwa tembo mkubwa anahitaji majani kama kilo 150 kwa siku, na nusu yake inatoka bila kusagwa tumboni. Ndilo fundisho la Carter, ila hapa lilifuatwa. Ukiiba saa za kula za tembo, unaiba tembo mwenyewe.

Katika miaka ya 1920 kituo kipya kilifunguliwa Gangala-na-Bodio, kwenye mto Dungu, Haut-Uele, na kazi yote ikahamia huko. Jina hilo ndilo lililojulikana duniani. Watalii, waandishi na watengeneza filamu walikuja kutazama gwaride la jioni, makumi ya tembo wakitoka mtoni kwa mstari, makornaka wakiwa shingoni. Mwaka 1938 serikali ya koloni iliunda mbuga ya taifa ya Garamba, jirani kabisa na kituo.

Je, lengo la mwanzo lilifikiwa? Tembo waliwaondolea watu mzigo? Hapana, ukiniuliza mimi. Wanyama hawakuzidi makumi, na nchi ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya mizigo. Mpagazi alipumzika kidogo wakati lori lilipofika, na hata barabara ya lori ilichimbwa kwa kazi ya lazima. Lori halihitaji mwaka wa kufundishwa wala mto wa kuoga. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni Gangala ilikuwa zaidi mahali pa kutazama na pa kutoa wanyama kwa bustani za Ulaya na Marekani kuliko kituo cha kazi. Wakati huohuo meno ya ndovu yalikuwa yameondoka Kongo kwa tani nyingi, mpaka bandari ya Antwerpen ikawa soko kuu la pembe. Serikali ileile ilimwimbia tembo mmoja na kuua mia.

Lakini tukipima kwa kipimo kingine, Gangala ilifaulu. Ilionyesha kwamba tembo wa Afrika anasikia, anakumbuka na anamwamini mtu wake. Na waliothibitisha hilo hawakuwa wenye shahada. Walikuwa wanaume wa Dungu, wa Faradje, wa Ango, waliopokea kazi kutoka kwa baba zao. Huo ndio ufundi wa kupanda mnyama ambao sisi Wakongo tunaweza kuuita wetu.

Uhuru ulikuja 1960, na uasi wa Simba mwaka 1964 ukafika mpaka mbugani. Wanyama waliofundishwa walipungua. Chini ya Zaire kituo kiliendelea kwa kusuasua. Katika miaka ya 1980 palikuwa pamebaki wachache tu wazee, na makornaka waliendelea kuwaogesha hata mshahara ulipochelewa. Walikamatwa wengine wachanga wachache, na watalii wakaanza kutembezwa juu yao kutazama vifaru weupe. Kisha vita vya 1996 vikaja, kisha vya 1998. Vifaru wakaisha. Tarehe 2 Januari 2009 waasi wa LRA waliingia Nagero, makao makuu ya mbuga, wakaua watu na kuchoma majengo. Mwezi wa tatu 2012 tembo 22 waliuawa kwa siku moja, wengi kwa risasi ya utosini, na wakaguzi wakashuku helikopta. Katika miaka ya 1970 Garamba ilikuwa na tembo zaidi ya 20,000. Leo wanahesabiwa kwa mamia, pengine elfu moja na kidogo.

Farasi nao hawakukosekana kabisa. Kuna kilabu cha kupanda farasi Kinshasa, Ngaliema, na kingine Lubumbashi, ambako hali ya hewa ya juu inawafaa zaidi. Wana dawa, wana waganga wa wanyama, wana mabanda safi. Kijana anayesafisha kwato pale anajua mambo ambayo Stanley hakuyajua. Huku mashariki mzigo umebaki palepale ulipokuwa. Goma unasukumwa juu ya chukudu, na mji umelijengea chukudu sanamu yake kwenye rond-point, jambo ninalolipenda kuliko yule farasi wa Ngaliema. Bukavu unabebwa na mama, kamba kwenye paji la uso, gunia la unga au la mkaa mgongoni, akipanda mlima wa Kadutu. Mbung'o hayuko Kadutu. Kwa hiyo si nzi tu.

Gangala leo hakuna gwaride. Tembo wa Garamba wamevaa kola tena shingoni, lakini hizi ni za kufuatilia kwa satelaiti, na ili kumvalisha mnyama inabidi apigwe sindano ya usingizi kutoka angani. Hakuna anayemkaribia akiwa macho na kumwimbia.

Nimetazama picha nyingi za Api na Gangala. Afisa mzungu ana jina, cheo na tarehe. Mara nyingi tembo naye ana jina. Chini ya mtu aliyeketi shingoni pameandikwa neno moja: cornac. Kwa hiyo nawaomba wakaaji wa Dungu, Faradje, Aba, Ango, na watoto wao walio Bunia, Isiro au Kisangani: kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi hiyo, au mliyemzika na mnajua habari zake, mfike redioni mnipe vitu vitatu. Jina lake, kijiji chake, na jina la tembo wake. Na kama kuna anayeukumbuka wimbo, aje nao. Kinasa sauti kipo.